Hodi, Naomba Kifaranga: Jinsi ya Kuunda na Kucheza Karata za Wanyama wa Nyumbani

Mchezo huu unataka karata 32, mkeka mmoja na watoto watatu hadi sita. Hauna namba wala wafalme, na hakuna senti inayowekwa chini. Karata zake ni za wanyama tunaoishi nao: paka anayelala kando ya jiko, kuku wa uani, mbwa anayebweka getini, njiwa wa juu ya paa. Mtoto anayeweza kutambua picha na kushika karata saba au nane bila kuzimwaga anaweza kuucheza, na kwa niliyoyaona nyumbani kwangu hilo huanza akiwa na miaka mitano au sita. Sisi tunauita Hodi.

Asili yake ni London. Mwaka 1851 kampuni ya John Jaques ilitoa karata zilizoitwa Happy Families, yaani Familia zenye Furaha. Ndani yake walikuwamo watu wa kazi mbalimbali: mwoka mikate, muuza nyama, seremala, mshona nguo, kila mmoja na mkewe, mwanawe wa kiume na wa kike. Mchezaji alikusanya familia kamili kwa kuwaomba wenzake karata moja moja, na aliyeombwa asiyekuwa nayo alijibu kwamba mtu huyo hayupo nyumbani. Wajerumani waliuchukua wakauita Quartett, kwa kuwa kila fungu lina karata nne, na seti ya kawaida kwao ina mafungu manane. Wafaransa wana familia saba za watu sita sita, babu na bibi wakiwamo, jumla karata 42. Wachapishaji wa nchi hizo wameshatoa seti zisizohesabika ambamo wanyama wameshika nafasi ya watu, na watoto huzipenda mno.

Nilipoanza kutafuta seti ya kuwanunulia wanangu, zote nilizoziona zilikuwa na wanyama wa nyumba za mbali: panya wa kufugwa ndani ya kizimba cha kioo, samaki wa dhahabu, sungura mwenye utepe shingoni. Nikaamua tuchore zetu. Nimechagua hesabu ya Kijerumani, mafungu manane ya karata nne, kwa sababu 32 inagawanyika vizuri kwa watoto wanne na haichoshi mikono midogo.

Kuzitengeneza

Nunua karatasi nne za manila nyeupe za ukubwa wa A4 na nyingine nne za kaki. Bandika kila manila juu ya kaki kwa gundi, ziweke chini ya kitu kizito usiku kucha, kisha asubuhi pima kwa rula karata za sentimita 6.3 kwa 8.8. Kila karatasi inatoa karata tisa, tatu kwa upana na tatu kwa urefu. Nne zinakupa 36: za mchezo 32, moja ya paka shume ambaye tutamfikia baadaye, na tatu za akiba. Kata pembe kwa mviringo, maana pembe kali ndizo huchanika mwanzo.

Hiyo kaki ya mgongoni usiiache. Seti yangu ya kwanza niliichora kwa maka peni juu ya manila tupu. Wino ulipenya hadi nyuma, na kwa siku mbili binti yangu mkubwa alishinda kila mchezo. Alikuwa amezijua karata kwa madoa ya migongo yake. Hakuiba chochote, aliona tu kilichokuwa mbele ya macho yake, lakini mchezo ulikuwa umekufa. Tumia penseli za rangi, na hakikisha migongo yote inafanana kama mapacha.

Waache watoto wachore wenyewe. Mbuzi mwenye miguu mitano hana tatizo mradi jina lake limeandikwa. Juu ya kila karata andika jina la picha kwa herufi kubwa. Chini yake andika majina ya karata zote nne za fungu hilo, na lile la karata yenyewe ulipigie mstari. Kazi hii ndogo ndiyo inayouwezesha mchezo, kwa sababu mtoto akitazama karata moja aliyonayo anajua mara moja ni zipi tatu za kuomba. Mwisho zifunike kwa selotepu pana, au zipeleke kwa wale wanaofunika vyeti kwa plastiki.

Kaya nane

Fungu moja la karata nne sisi tunaliita kaya. Sikufuata mtindo wa baba, mama na watoto, kwa sababu mbwa dume na mbwa jike kwenye mchoro wa mtoto wa miaka sita ni mbwa wale wale. Kila kaya ina mnyama mwenyewe, mtoto wake, chakula chake, na jambo moja ambalo mnyama huyo hawezi kulipata bila mkono wa mtu. Hilo la nne tunaliita matunzo. Hapo ndipo mchezo unapofundisha bila ubao wala chaki, kwa hiyo nitaeleza kaya moja moja.

Kaya ya paka: paka, mtoto wa paka, dagaa, bakuli la maji. Watoto wote walitaka tuweke maziwa. Nikawaeleza kwamba paka wengi wakishakua, maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kwamba paka ni mla nyama kwa maumbile, hawezi kuishi kwa ugali mtupu.

Kaya ya mbwa: mbwa, mtoto wa mbwa, ugali wa dagaa, na sindano ya chanjo. Karata hii ya sindano ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kabla ya dalili kinazuilika. Mtoto akiitupa karata hiyo mkekani, mwulize: mbwa akikung'ata utafanya nini? Jibu analotakiwa kulijua kama anavyojua jina lake ni kwamba anamwambia mtu mzima hapo hapo, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa kwamba walimchokoza mbwa. Mwambie mapema kwamba kwa hili hatagombezwa. Na mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni tarehe nzuri ya kukumbushia.

Kaya ya kuku: kuku, kifaranga, mtama, na tone la chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo. Chora jicho la kuku na tone juu yake, kwa sababu ipo chanjo inayotolewa hivyo hasa, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Aliyewahi kuamka akakuta banda zima limelala chini hatauliza kwa nini imo.

Kaya ya bata: bata, kifaranga wa bata, konokono, beseni la maji. Bata si lazima awe na bwawa, ila anataka maji ya kina cha kuzamisha kichwa ili aoshe macho na pua.

Kaya ya njiwa: njiwa, kinda, choroko, tundu. Hapa chora makinda mawili, kwa sababu njiwa kwa kawaida hutaga mayai mawili. Waambie watoto kwamba baba na mama njiwa wote wawili hulisha makinda kwa majimaji mazito kama maziwa yanayotoka kooni mwao. Wangu hawakuamini hadi walipokaa kimya wakawatazama njiwa wa jirani.

Kaya ya sungura: sungura, mtoto wa sungura, nyasi, kizimba kilichoinuliwa kutoka chini. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na nyasi ndizo humsaidia kuyasaga. Kaya ya mbuzi: mbuzi, mtoto wa mbuzi, tawi la majani, banda la juu ya nguzo.

Kaya ya nane ni punda, na mtoto wake, na majani makavu, na kwato zinazosafishwa. Kama unaishi Lamu hutahitaji kueleza punda ni nani. Kama mtaani kwenu hakuna punda, weka ng'ombe na ndama wake. Karata ziwe za wanyama ambao mtoto anaweza kutoka nje akawaona.

Namna ya kucheza

Changa karata vizuri, kisha gawa zote hadi ziishe. Wakiwa wanne kila mmoja anapata nane. Wakiwa watatu, wawili wanapata 11 na mmoja 10. Wakiwa watano, wawili wanapata saba na wengine sita sita. Wakiwa sita, wawili wanapata sita na wengine tano tano. Tofauti hiyo ya karata moja haina uzito. Kila mtu anapanga zake kwa kaya, akizificha wengine wasione.

Mdogo kuliko wote ndiye anayeanza. Anamchagua mtu yeyote mkekani na kubisha hodi:

"Hodi kwa Bibi."

"Karibu, mjukuu wangu."

"Naomba kifaranga wa kuku."

Bibi akiwa naye, lazima amtoe. Mtoto anaipokea, anasema asante, na anaendelea kuomba, kwa Bibi huyo huyo au kwa mwingine, karata ya kaya ile ile au nyingine. Bibi akiwa hana, anajibu: "Hayupo, katoka." Zamu inahamia kwa aliyejibu, yaani sasa Bibi ndiye anayebisha hodi. Kwa karata za chakula watoto wangu walibuni jibu lao, "zimeisha", na kwa chanjo, "daktari hajafika". Waache.

Sheria kubwa ni mbili. Ya kwanza: huruhusiwi kuomba karata ya kaya ambayo huna hata moja yake mkononi. Ukitaka dagaa, ni lazima uwe na paka, au mtoto wa paka, au bakuli. Ya pili: huombi karata ambayo tayari unayo. Ziko nyumba zinazoruhusu hilo kama mbinu ya kuwapoteza wengine. Kwa watoto wadogo mimi silipendi, kwa kuwa linauvuruga mchezo ambao uzuri wake wote ni kwamba kila neno linalosemwa mkekani ni kweli.

Anayekamilisha karata nne za kaya anazilaza mbele yake wazi, na kuzitaja zote kwa sauti. Aliyeishiwa karata mkononi anasubiri, na mchezo unaendelea bila yeye. Kaya zote nane zikishalazwa, anayezidi kwa kaya ndiye mshindi. Duru moja ya watu wanne huchukua kama robo saa.

Nyumbani kwetu tumeongeza sheria ya tatu: asiyebisha hodi, au asiyesema asante, anarudisha karata na kupoteza zamu. Mwanzoni niliiweka kwa ajili ya adabu. Baadaye niligundua kazi yake nyingine: kile kituo kifupi kati ya "hodi" na "karibu" kinampa mtoto mdogo nafasi ya kufikiri anataka nini hasa.

Masikio ndiyo yanayoshinda

Mtu mzima akiutazama mara ya kwanza anadhani ni bahati tu. Msikilize mtoto wa miaka kumi aliyeuzoea uone anavyofikiri. Tuseme wanacheza mdogo, dada, kaka na Bibi, na mdogo amemwomba dada yake kifaranga, na dada amejibu katoka. Kwa maneno hayo machache kila mtu mkekani amejua mambo matatu. Mdogo anayo angalau karata moja ya kaya ya kuku. Kifaranga hayuko kwa mdogo. Kifaranga hayuko kwa dada. Ikiwa Bibi naye hana, Bibi sasa anajua bila kuambiwa kwamba yuko kwa kaka. Na ikiwa Bibi anaushika mtama, zamu yake ikifika anaweza kumchukua kifaranga kwa kaka, kisha kumgeukia mdogo na kumwomba kuku mwenyewe.

Ndiyo maana kuomba ni kujifunua. Mtoto mwenye karata tatu za kaya moja hushawishika kuiomba ya nne kwa mtu wa kwanza anayemwona. Akikosea, zamu inaondoka, na mwenye ile ya nne anaweza kumnyang'anya tatu zake zote moja baada ya nyingine. Mara nyingi ni heri kusikiliza mizunguko miwili kwanza. Lakini usimwambie. Mwache anyang'anywe mara moja. Duru itakayofuata utamwona amefumba mdomo na kuwatazama wenzake usoni.

Watu wazima tunaharibu mchezo huu kwa kusaidia. Tunachungulia karata za mtoto na kumnong'oneza aombe nini, na tunajibu "katoka" kwa sauti inayodokeza. Mtoto analitambua hilo haraka, na ushindi wa namna hiyo haumfurahishi. Ukicheza naye, cheza kweli. Ninakiri kwamba mwanangu wa miaka saba ananishinda mara nyingi bila hisani yoyote, kwa kuwa kumbukumbu yake haina bei ya unga wala ada ya shule ndani yake.

Itatokea mtoto akajibu "hayupo" na baadaye karata ikaonekana kwake. Mara nyingi hakudanganya, hakuiona tu nyuma ya nyingine. Kwetu anaitoa kwa aliyeiomba na kukosa zamu moja, yamekwisha, bila maneno. Kwa mikono isiyoweza kushika karata nane, chukua kandambili chakavu, kata mfereji wa kina cha sentimita moja kwenye soli kwa wembe, na karata zitasimama humo zenyewe. Bakuli la mchele nalo linafaa, kama halitaliwa usiku huo.

Kuna wazazi wasiopenda kuona karata mikononi mwa watoto kwa hofu ya kamari. Ninaiheshimu hofu hiyo. Neno karata lenyewe tulilipata kwa Wareno, pamoja na turufu, kopa na shupaza, na karata hizo zimetumika kwa mengi, mengine si ya watoto. Waonyeshe wazazi hao seti yenyewe. Hakuna kopa wala turufu humu, na tusiwafundishe watoto kuchezea peremende au sarafu hata kwa mzaha. Mshindi anapata haki ya kuchanga karata duru inayofuata, na niamini, wanaigombania.

Paka shume, kwa walio wadogo zaidi

Mtoto wa miaka minne hataweza Hodi, lakini hapaswi kukaa pembeni. Toa kwenye seti karata za wanyama wanane na za watoto wao wanane tu, kisha ongeza ile ya paka shume, yule dume la mtaani asiye na kwao. Jumla ni karata 17. Mgongo wake uwe sawa kabisa na mingine.

Gawa zote. Kila mtu analaza chini jozi alizonazo, mzazi na mtoto wake. Kisha kwa zamu kila mmoja anachukua karata moja, bila kuiona, kutoka mkononi mwa jirani yake wa kulia. Ikikamilisha jozi anailaza, isipokamilisha anabaki nayo. Jozi nane zikiisha, mmoja atakuwa ameshika paka shume peke yake. Wajerumani wana mchezo wa aina hii uitwao Schwarzer Peter, na kwao aliyebaki na karata hiyo alipakwa masizi puani. Kwetu analia nyau mara tatu kwa sauti ya kusikika hadi nje. Watoto wadogo huomba wabaki nayo makusudi, na hilo halina ubaya.

Karata hizo 16 bila shume zinafaa pia kwa kumbukumbu: zipange kifudifudi mistari minne ya nne nne, kila mtu afunue mbili, akipata mzazi na mwanawe azichukue, akikosa azirudishe pale pale. Huu ni wa mchana wa mvua, mtoto akiwa hana mwenzake.

Mkimaliza, hesabuni hadi 33 kabla ya kufunga kopo. Nasema kopo kwa sababu bahasha huliwa na mende na boksi hukanyagwa. Kopo la biskuti lenye kifuniko linatosha. Karata itapotea tu, na hapo ndipo zile tatu za akiba zinapohitajika. Kasoro yake ni kwamba mgongo mpya hung'ara kuliko ya wenzake na kila mtu ataitambua. Kabla ya kuifunika, paka kaki yake kwa kitambaa kilicholoa chai ya rangi iliyopoa, iache ikauke kivulini, kisha isugue kidogo kwa kiganja. Yetu ya kwanza kupotea ilikuwa mtoto wa punda. Sasa tunaye wa pili, mwenye masikio marefu kumzidi mama yake, na hakuna anayeweza kumtambua kwa mgongo.